Huyu Langát ni Nani?

Kabla hujatoa pesa ya kibodi mpya, nisikize kidogo. Kibodi yako haijakufa. Na hiyo kompyuta inayozima skrini kila ukienda kupokea simu haina virusi, haijarogwa, na wala usiniambie eti Linux ni ya wazungu wenye ndevu. Naandika kwa sababu ujumbe ninaopata siku hizi ni ule ule: "Buda, nirudishie Windows, hii kitu imenishinda."

Wengi mnajua nashinda kwenye saiba moja hapa Merigi. Tuna kompyuta nne za mezani, zote mtumba kutoka Uingereza, na zote sasa zinatumia Linux Mint. Si kwa mapenzi. Windows 10 iliacha kupata msaada wa kawaida wa Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka kompyuta yenye TPM 2.0 na prosesa ambazo, kwa upande wa Intel, zinaanzia kizazi cha nane cha mwaka 2017. Zetu ni za kabla ya hapo. Tungefanyaje, tuzitupe kwenye shamba la chai? Fundi akaja, akaziweka Linux, akalipwa, akapanda nduthi akaenda. Mashine zikawa nyepesi kuliko zamani, hilo lazima niseme. Halafu malalamiko yakaanza, na yalikuwa matatu: skrini inazima, paswadi inakataa, na jina linaharibika.

Nataka kukaa zaidi kwenye hilo la tatu, lakini siwezi kufika huko bila kupitia gizani kwanza.

Fikiria mwanafunzi anajaza fomu ya mkopo wa masomo. Amefika pahali pa namba ya kitambulisho cha mzazi. Anatoka nje kupiga simu nyumbani, mama yuko shambani anachuma chai, simu haishikwi, anapiga tena. Dakika kumi zinaisha. Akirudi skrini ni nyeusi tii. Anagusa kitufe, hakuna kitu. Anagusa tena. Anaangalia kulia na kushoto kama aliyevunja gilasi ya wenyewe, halafu anafanya kile ambacho kila mtu hufanya: anabonyeza swichi kubwa na kuishikilia mpaka mashine inyamaze. Fomu imeenda. Yeye anaamini kompyuta ndiyo ilizima. Ukweli ni kwamba kompyuta ilikuwa hai kabisa, na aliyeizima ni yeye.

Kwa hivyo jambo la kwanza, na hili lishike hata ukisahau mengine yote: bonyeza Caps Lock. Kikiwaka kile kitaa kidogo kwenye kibodi, kisha ukibonyeza tena kizime, mashine iko macho na inakusikia. Ni skrini tu iliyolala. Usiguse swichi. Bonyeza Ctrl, Alt na F3 pamoja, uone kama kutatokea maandishi meupe juu ya weusi, halafu rudi kwa Ctrl, Alt na F7 (kwa Mint ni F7, Linux zingine hutumia F1 au F2). Mara nyingi skrini itaamka hapo hapo na fomu utaikuta ilivyokuwa.

Kwa nini inazima? Hapa ndipo watu huchanganya, kwa sababu "kuokoa umeme" si kitu kimoja. Ni vitu vitatu vinavyovaa nguo moja. Kuna kupaka skrini rangi nyeusi tu, taa ya nyuma ikiendelea kuwaka. Hiyo haiokoi chochote, ni urithi wa enzi za televisheni za kichogo, picha ilipoweza kujichora kwenye kioo. Kuna kuizima skrini yenyewe kwa ishara inayotoka kwa kompyuta, ule mpango unaoitwa DPMS, na hapo kitaa cha skrini hubadilika rangi au kuanza kupepesa. Na kuna kulala kwa mashine nzima, hata feni inanyamaza. Ukiwa hujui ni ipi imekupata utahangaika mwezi mzima ukibadilisha mpangilio usiohusika. Kwa hivyo sikiliza feni, angalia kitaa, halafu ndipo ufungue mipangilio.

Sisi tulienda kwa mipangilio tukaandika "kamwe" pale panapouliza skrini izime lini. Ikazima tu. Dakika kumi, kama saa ya kanisa. Nikafungua terminali nikaandika xset q, na pale chini ikajianika: 600. Sekunde 600 ni dakika kumi. Kumbe chini ya dirisha zuri la mipangilio kuna mtu mwingine mwenye saa yake mwenyewe, na huyo hakuambiwa kitu. Amri ya xset s off inamnyamazisha kwa upande wa kupaka weusi, na xset -dpms inamnyamazisha kwa upande wa kuzima skrini. Ukitaka zidumu hata baada ya kuwasha upya, ziweke kwenye orodha ya programu zinazoanza na mashine.

Sasa, mtandaoni utaambiwa uishie hapo: zima kila kitu, shida kwisha. Mimi sikubaliani. Anayekupa ushauri huo pengine hanunui tokeni. Hebu tupige hesabu ya pole pole. Skrini kama zetu za inchi 19 zinakula kama wati 20 kila moja. Nne ni wati 80. Zikikaa zimewaka bure saa tano kwa siku, hiyo ni uniti 0.4. Siku 26 za kazi, uniti 10.4 kwa mwezi, zimeangaza ukuta tu. Kwa saiba inayotoza shilingi chache kwa ukurasa, hizo si pesa za kuchezea. Tulichofanya ni kuandika xset dpms 0 0 1500, yaani skrini izime baada ya dakika 25, halafu tukaondoa ile tabia ya kudai paswadi kila inapoamka. Saa ni ya kwetu sasa. Dakika 25 zinatosha kumpigia mama mpaka ashike simu.

Paswadi yenyewe ilikuwa na maajabu yake. Mashine mbili kati ya nne zilikuwa zinakataa paswadi sahihi, lakini si kila mara. Ukiandika mara ya pili inakubali. Watu wakaanza kusema ina kichwa ngumu. Nilipofungua kidirisha cha kuandikia nikakaa bila kugusa kitu, kisha nikaandika "merigi", ikatokea "erigi". Herufi ya kwanza ilikuwa inamezwa. Fundi, kwa nia njema nadhani, alikuwa ameweka powertop iwe inaanza na mashine na kuwasha kila aina ya uokoaji umeme iliyopo. Hiyo ni pamoja na kulaza vifaa vya USB visipotumika, na muda wa kawaida wa Linux kabla ya kulaza kifaa cha USB ni sekunde mbili. Mbili! Ukivuta pumzi kibodi imeshasinzia. Kitufe cha kwanza kinaiamsha, cha pili ndicho kinachoandikwa. Kwenye kompyuta ya mapajani yenye betri naelewa mtu anayehesabu kila tone. Kwa mashine ya mezani, kulaza kibodi ni kama kuzima mshumaa ili kuokoa jua. Tukaiondoa hiyo powertop kwenye orodha ya kuanza, na ugonjwa ukaisha siku hiyo hiyo.

Lakini mashine ya tatu ilikataa paswadi hata herufi zote zikiwa zimefika. Paswadi ilikuwa na @ ndani. Kumbuka nimesema hizi ni mashine kutoka Uingereza. Kwenye kibodi ya Uingereza, ukishika Shift ukabonyeza 2 unapata alama ya kunukuu, na @ iko kule karibu na Enter. Kwenye ya Marekani ni kinyume. Kompyuta haina macho ya kuona kilichochorwa juu ya vitufe. Inapokea namba ya kitufe tu, kisha inatafuta kwenye mpangilio iliopewa ni herufi gani. Ukiiambia "hii ni ya Marekani", itakubali na kukudanganya kwa uaminifu kabisa. Na kwenye paswadi unaona vinukta tu, kwa hivyo uongo wenyewe huuoni. Andika paswadi yako pahali pa jina la mtumiaji kwanza, uisome, uifute. Dakika moja, umejua.

Sasa tuje kwa jina.

Huku kwetu ukirusha jiwe sokoni litamwangukia Lang'at, likidunda litampata Ng'eno, na Ng'etich atatoka dukani kuuliza ni nani anarusha mawe. Ng' ni sauti yetu. Ni sauti ya Kiswahili pia: ng'ombe, ng'ambo, kung'aa. Hiyo alama ya juu mwalimu wa Kiswahili alituambia inaitwa ritifaa, tukacheka jina, tukasahau. Haikuwekwa pale kama urembo. Ngoa ni wivu au matamanio, ng'oa ni kile unachofanyia magugu. Ukiacha ritifaa umebadilisha neno.

Kogo mmoja (ndiyo nyanya, kwa nyinyi wa mbali) alikuja tumwandikie barua ya kuomba basari ya mjukuu wake. Tuseme ukoo wao ni Lang'at, maana siwezi kutaja jina lenyewe hapa. Barua ikachapishwa, akaikunja vizuri kwenye karatasi ya nailoni, akapanda matatu. Baada ya siku mbili akarudi nayo. Ofisi moja ilikuwa imeipiga mstari mwekundu. Akaiweka mezani akanyoosha kidole: "Weri, huyu Langát ni nani? Wameniuliza, nami sikuwa na jibu. Kitambulisho changu hakimjui."

Nilisoma barua yote. Kila pahali palipokuwa na jina lao palikuwa na á, herufi a iliyovaa kofia ya pembeni. Aliyeichapa alikuwa amebonyeza vitufe sahihi: L, a, n, g, ritifaa, a, t. Mashine ndiyo iliyoamua vingine. Ofisini walikuwa wamemwambia kuwa majina yasipolingana atahitaji hati ya kiapo, na hati ya kiapo si bure, na mwisho wa kupokea barua ulikuwa Ijumaa. Fikiria hilo. Karo ya mtoto inaning'inia kwenye kitufe kilicho karibu na Enter.

Chanzo chake ndicho kinachoniudhi zaidi ya yote. Unapoweka Linux unaulizwa uchague kibodi, na orodha ni ndefu. Katikati yake kuna Kiingereza cha Marekani cha "kimataifa", chenye vitufe vya kimya. Neno kimataifa linavutia, bana. Nani asiyetaka cha kimataifa? Lakini huo mpangilio unamfaa mtu anayeandika Kifaransa, Kihispania au Kireno kwa kibodi ya Marekani. Kwake yeye ritifaa ni kitufe kinachonyamaza, kikingoja herufi inayofuata ili kiivishe alama. Ritifaa na a, unapata á. Ritifaa na o, ó. Anayeandika café anafurahi. Sisi tunabaki na ngómbe.

Ijaribu mwenyewe uone nchi nzima inavyobadilika jina. Lang'ata inakuwa Langáta. Murang'a inakuwa Murangá. Spika Wetang'ula anakuwa Wetangúla. Anyang' Nyong'o ndiye anayeumia zaidi: ritifaa ya mwisho wa Anyang' inameza nafasi inayofuata, kwa hivyo unapata Anyang'Nyongó, jina moja refu kama treni. Halafu kuna kituko ambacho kilinifanya nicheke peke yangu saiba. Mpangilio huo huo unajua kuandika ũ na ĩ vizuri kabisa: bonyeza ile alama ya wimbi, kisha u. Kwa hivyo ukiandika jina la marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetuacha Mei 2025 baada ya kutetea lugha zetu maisha yake yote, jina la kwanza linatoka safi kuliko magazeti mengi yanavyoliandika, na la mwisho linatoka Thiongó. Kompyuta inamheshimu nusu.

Kuna njia za kuizunguka. Bonyeza ritifaa kisha nafasi, ndipo uendelee. Itatoka ' ya kawaida. Au shika AltGr, ile Alt ya kulia, ubonyeze ritifaa. Lakini kumfundisha kila anayekuja saiba mbinu hiyo ni kumfundisha mgonjwa kutembea na jiwe kwenye kiatu. Toa jiwe. Andika setxkbmap -query uone mpangilio ulio nao. Kama kibodi yako ni ya Uingereza kama zetu, setxkbmap gb inatibu @ na ritifaa kwa mpigo mmoja. Kama ni ya Marekani, setxkbmap us inatosha. Na kama unaandika Gĩkũyũ pia na hutaki kupoteza ũ yako, kuna mpangilio wa kati, setxkbmap us -variant altgr-intl: humo ritifaa ni ritifaa, na alama zingine zinatoka tu ukishika AltGr. Huo ndio ungepaswa kuitwa wa kimataifa, mkiniuliza.

Angalizo moja: setxkbmap inadumu mpaka utoke tu. Ukitaka ikae, na hasa ukitaka skrini ya kuingilia nayo ijue (la sivyo utarudi kwa ule ugomvi wa paswadi), badilisha faili ya /etc/default/keyboard, pale penye XKBLAYOUT uandike gb, na pale penye XKBVARIANT uache patupu. Washa upya. Basi.

Na mkiitazama hiyo orodha ya kibodi mtaona Kiswahili cha Kenya kimo, cha Tanzania kimo, Gĩkũyũ imo. Kikalenjin hakimo. Sijakasirika sana kwa hilo, kwa sababu sisi hatudai herufi ya ajabu. Tunachohitaji tayari kiko kwenye kila kibodi duniani. Tunaomba tu kiachwe kifanye kazi yake.

Najua kuna watakaosema, kwani shida iko wapi, andika Langat uende. Wengi tayari wanafanya hivyo. Angalia vibandiko vya maduka, angalia makundi ya WhatsApp ya familia zenu. Na kama kitambulisho chako kimeandikwa Langat bila ritifaa, andika hivyo hivyo kwenye fomu, usianze ugomvi na serikali kwa sababu yangu. Lakini jiulize kile kitambulisho kilipotezaje ritifaa. Labda babu yako hakuiacha. Labda kuna mahali mtu alibonyeza kitufe, akaona á, akaifuta, akabonyeza tena, akaona á, foleni ikaanza kunung'unika, akaandika bila. Jina la ukoo likabadilishwa na mtu aliyekuwa na haraka, mbele ya mashine ambayo hakuna aliyeiambia iko wapi.

Kogo tulimwandikia upya, hakulipa, na Alhamisi akarudi Bomet. Barua ilipokelewa. Basari yenyewe bado hatujasikia.

Kilichobaki ni mambo madogo. Fomu nyingine za mtandaoni zinakataa ritifaa kabisa, zinakwambia "jina si halali", na hiyo setxkbmap haiwezi kuitibu. Hiyo ni vita ya siku nyingine na watu wengine. Na mashine ya nne, ambayo kibodi yake ya zamani ilimwagikiwa chai na ikafa kweli (ndiyo, huwa zinakufa, lakini kwa chai), sasa ina kibodi ya Marekani katikati ya tatu za Uingereza. Nimeibandika plasta nyeupe juu ya kitufe cha 2 na kuandika @ kwa kalamu, ili watu waache kuuliza.